Wahenga wa Winning, watoto wa eFootball: nani kamwibia nani?

"Hilo si gemu, hilo ni duka," alisema anko, kidole kikielekea kwenye simu ya mdogo wangu.

"Na hilo lako ni makumbusho, Anko," dogo akajibu, macho yake hayakutoka kwenye kioo.

Ilikuwa Kibosho, nyumbani kwa bibi, siku mbili baada ya Krismasi iliyopita. Anayeijua Moshi ya Desemba hahitaji kuelezwa: kila mwenye kwao mlimani amepanda, mbuzi kachinjwa, wazee wako nje na mbege yao, na sebuleni kuna televisheni moja kwa watoto na vijana kumi na wanne. Anko, kitindamimba wa bibi, ana miaka 43. Kila mwaka huja na begi lenye PS2, ile mashine ya gemu ya PlayStation, pedi mbili (moja analogi yake imelegea, hiyo hupewa mgeni) na CD ya PES 6, gemu la mpira. Dogo, mtoto wa mama mdogo, ana miaka 16, wanaishi Sakina kule Arusha, na eFootball yake, gemu la mpira la kwenye simu, haihitaji televisheni ya mtu. Umri wangu uko katikati yao, kwa hiyo kila mmoja alinigeukia nimuunge mkono. Nilitafuna nyama nikanyamaza. Haya ndiyo ambayo ningesema kama mdomo ungekuwa mtupu.

Hawa wawili wanagombania gemu moja. Konami ya Japani ilianza kutoa Winning Eleven kwenye PlayStation mwaka 1995. Mwaka 2001 toleo la nje ya Japani likapewa jina la Pro Evolution Soccer, PES kwa kifupi. Mwaka 2019 neno eFootball likatangulizwa mbele ya PES, na Septemba 30, 2021 PES ikaondolewa, ikabaki eFootball peke yake, ya kupakua bure. Majina yote hayo hayakuwahi kutusumbua. Kwenye vibanda vya Pasua na Majengo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kila gemu la mpira liliitwa Winning, hata likiwa FIFA, gemu la kampuni pinzani ya EA.

Shule yetu ilikuwa ya ajabu. CD nyingi zilizotufikia zilikuwa za Kijapani. Hakuna aliyeweza kusoma hata herufi moja, lakini kila mtoto wa darasa la tano alijua ashuke mara ngapi na abonyeze wapi ili mechi ianze, na alijua pia kwamba akikosea hatua moja anaweza kufuta timu za mwenye kibanda na akazabwa kofi. Mtangazaji, Jon Kabira, alipiga kelele kwa Kijapani nasi tukamwigiza kwa sauti yote bila kujua anasema nini. Mechi ilikuwa shilingi 100, baadaye 200. Aliyefungwa anatoka, na ndiye anayelipa. Kama mfukoni una mia mbili tu, nazo ni za maandazi ya saa nne, kukaba hujifunzi kwa starehe. Unajifunza kwa njaa.

Hapo ndipo inapochipukia hoja ya kwanza ya wahenga, na si ya kubeza. Mpinzani wako mlikaa bega kwa bega, mnanukiana jasho. Ukimpiga mkono, yaani tano, bado mnabaki benchi moja hadi zamu yake irudi. Maneno yalikuwepo, tena makali, lakini yalikuwa na mpaka, kwa sababu mwenye kibanda alimjua mama yako na saa za kumkuta sokoni Mbuyuni. Kwenye simu mpinzani ni jina na bendera. Akifungwa mawili anazima intaneti anaondoka zake. Hilo dogo mwenyewe halikatai. Ndilo linalomuudhi kuliko mambo yote ya gemu lake.

Kisha kuna vidole. Kwenye PES mraba ni shuti, duara ni krosi. Kwenye FIFA ni kinyume chake. Mtu aliyezoea FIFA akiingia kibandani kwetu tulimtambua dakika ya tatu tu: mshambuliaji kabaki na kipa, anabonyeza duara, mpira unapaa kama krosi kwenda kwa watu ambao hawapo, na benchi zima linaangua kicheko. Mambo hayo yalikaa kwenye misuli kwa miaka. Sasa eFootball ina kitu kinaitwa Smart Assist; ukikiwasha, kompyuta inakusaidia kuchagua pasi, chenga na shuti. Anko aliposikia hayo aliweka mfupa chini.

Ila kinachowafanya watu wa rika lake washindwe kusamehe ni Master League, ile sehemu ya gemu ya kuongoza klabu msimu hadi msimu. Unaanza na kikosi cha watu wasiokuwepo duniani: Ivarov golini, Stremer nyuma, Minanda katikati, Castolo mbele. Mko daraja la pili. Hawana kasi, hawana shuti, wakikimbia utadhani wanapanda Kibosho na gunia la ndizi mgongoni. Ukishinda unapata pointi, pointi zinakununulia mchezaji, na ukishindwa kulipa mishahara mwisho wa msimu safari imeishia hapo. Hakuna njia ya mkato. Mtu alimaliza misimu miwili ndipo akapata winga mmoja mwenye mbio, na winga yule alimjua kuliko alivyomjua mwenyekiti wa mtaa wake.

eFootball ilipozinduliwa haikuwa na Master League. Ilikuwa na klabu tisa, nyuso za wachezaji zilizopinda, na makosa mengi kiasi kwamba kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, wachezaji waliiporomosha hadi ikawa miongoni mwa gemu zenye maoni mabaya kuliko zote. Konami iliomba radhi siku hizohizo. Toleo la 1.0 lilifika Aprili 2022, zaidi ya nusu mwaka baadaye. Kuhusu Master League, kampuni ilisema italetwa baadaye, kwa kulipia. Neno hilo la mwisho anko hulitamka kama mtu anayeuziwa kihamba chake mwenyewe.

Nalichukua hilo la kihamba kwa sababu nadhani ndilo linaloeleza ugomvi wenyewe, kuliko habari za nani anajua na nani hajui. Kwa Mchaga kihamba si shamba tu. Ni mahali ambapo babu kazikwa, migomba imesimama, na hakuna atakayekuja asubuhi kukuambia mkataba umekwisha. CD ya PES 6 ilitoka mwaka 2006. Desemba hii ikiingizwa kwenye mashine inacheza vilevile: Adriano bado yuko Inter, mguu wake wa kushoto bado ni kombora, Chelsea bado inaitwa London FC na Liverpool inaitwa Merseyside Red kwa sababu Konami haikuwa na haki ya majina yao. Hakuna wa kuizima. Ndiyo maana PS2, iliyouzwa zaidi ya mashine milioni 155 duniani, ilichelewa sana kufa. Konami iliitolea PES 2014 mwishoni mwa mwaka 2013, wakati kiwanda kilikwisha kuacha kuitengeneza.

eFootball ni nyumba ya kupanga. Nyumba nzuri, ina maji na umeme, na mwezi wa kwanza huulizwi kodi. Lakini mwenye nyumba ana funguo. Juni 2022 waliokuwa na PES 2021 kwenye simu walisasisha programu yao wakakuta ndani yake kumekuwa eFootball. Huwezi kusema mimi nabaki na ile ya jana. Ya jana haipo, na kama seva zitazimwa siku moja, ya leo nayo haitakuwepo.

Mpaka hapa niko upande wa anko, na laiti angeishia hapo. Lakini anko huwa haishii hapo. Huendelea hadi kwenye sentensi yake anayoipenda: "Konami wametusaliti sisi tuliowajenga."

Tuliwajenga kwa kitu gani, Anko?

CD ile ya PES 6 aliinunua karibu na stendi ya mabasi Moshi, kopi, kwenye mfuko wa nailoni, na jina limeandikwa kwa kalamu ya maka. PS2 yenyewe ilifunguliwa na fundi ikawekwa chipu ili ikubali kopi. Vibanda vyote nilivyowahi kuingia, kuanzia Pasua hadi Ngarenaro, vilikuwa hivyohivyo. Mwenye kibanda alipata, fundi alipata, muuza CD alipata, mwenye nyumba na aliyeuza umeme walipata. Konami haikupata hata thumni. Kihamba tunachokililia tulikivamia usiku.

Najua utetezi, maana nimeutumia mwenyewe. Hakukuwa na duka rasmi la kutuuzia. CD halisi, kama ungeipata, bei yake ilikuwa ya mtu mwenye mshahara wa maana, siyo ya mtoto mwenye mia mbili ya maandazi. Kadi ya kulipia mtandaoni hata mwalimu mkuu hakuwa nayo. Kampuni haikutuona, nasi hatukuiona. Nakubali yote. Mtu hawezi kulaumiwa sana kwa kutolipa mahali ambapo hakuna dirisha la kulipia. Ila ukikubali kwamba hukuwa mteja, basi kubali na linalofuata: siku wanapoketi kule Tokyo kuamua nini kibaki na nini kiondoke, sauti yako haimo kwenye hesabu. Walihesabu waliolipa na watakaolipa. Sisi tulikuwa watu waliotazama mpira wakiwa juu ya mti nje ya uwanja, na mti ukikatwa hatuna tiketi ya kuonyesha.

Na hapa kuna jambo ambalo sikuwahi kuliwaza hadi siku ile Kibosho. Dogo ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kucheza gemu la Konami kwa ruhusa ya Konami. Amelipakua kutoka kwenye duka rasmi, kwa bando lake, bila chipu wala kalamu ya maka. Anko anamwita mtoto wa dukani, lakini kwenye familia ile mwenye mikono safi ni yeye.

Upande wa vijana una mengi zaidi ya hilo, na wahenga hawayasikilizi kwa sababu vijana wenyewe hawana muda wa kuyaeleza. La kwanza ni bei. PS5 iliingia sokoni Marekani Novemba 2020 kwa dola 499, zaidi ya milioni moja ya Tanzania kabla ya usafiri, kodi na televisheni ya kuichomekea. Simu dogo anayo tayari, ileile ya kupokea M-Pesa na kusomea. Tena kwa simu hiyo anakutana na mtu wa Indonesia saa tano usiku, jambo ambalo fundi wetu mkubwa wa Majengo hakuwahi kulipata. Ubingwa wake uliishia darajani.

La pili ni wasichana. Wakati tunabishana, dada yake dogo, mwanachuo wa miaka 19, alikuwa kwenye kochi la pembeni, kimya, simu mkononi. Tulidhani anachati. Alikuwa anacheza. Anacheza tangu kidato cha tatu na kwa maelezo ya mdogo wake ndiye bora kati yao wawili, ingawa kukiri huko kulihitaji kubembelezwa. Nikajaribu kukumbuka msichana mmoja, mmoja tu, aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda tulichokulia. Sikumpata. Akipita kutumwa chumvi na kuchungulia mlangoni tu, alipigiwa miluzi, na akifika nyumbani anaulizwa alifuata nini kule. Kile tunachokiita udugu wa kibandani kilikuwa udugu wa nusu ya mtaa. Sisemi simu imeleta haki duniani, lakini mlango ule imeufungua, na sijasikia mhenga hata mmoja akiuweka kwenye mizani.

Halafu tuseme ukweli kuhusu lile gemu la zamani. Kumbukumbu imelisafisha. Adriano alipigwa marufuku kwenye kibanda chetu, yeye na Brazil nzima, kwa sababu mtu alikuwa anapiga tu kutoka katikati ya uwanja na kipa anaruka kama mlevi. Makipa wa PES waliutema mpira miguuni kwa adui kwa miaka mingapi? Tulizoea tu, tukaita uzoefu huo ujuzi. Kijana anayekuja leo akasema mpira wa eFootball una uzito, miili inagongana, na wachezaji wanasajiliwa na kuhama kama ilivyo kwenye ligi, hajakosa adabu. Ameangalia akaona. Na ile dharau ya kwamba simu si mahali pa gemu la kweli imepoteza nguvu: Desemba 2024 FIFA yenyewe, ikishirikiana na Konami, iliandaa mashindano ya dunia ya eFootball mjini Riyadh, na simu ilikuwa na kombe lake sawa na mashine za nyumbani. Kichekesho hakikosekani. Miaka yote ile Konami ilikuwa mpinzani wa gemu la FIFA la EA. EA na FIFA walitangaza kuachana mwaka 2022, toleo la Septemba 2023 likatoka kwa jina la EA Sports FC, na FIFA ikahamia kwa jirani. Ukiwaeleza hayo wahenga wa Pasua waliowahi kushikana mashati kwa ajili ya Winning dhidi ya FIFA, watakuomba shati lao.

(Mashabiki wa EA wana ugomvi wao wa aina hiihii. Ultimate Team, sehemu ya kujenga timu kwa kufungua pakiti za wachezaji, iliingia kwenye FIFA 09, Machi 2009, na tangu hapo wapenzi wa kuongoza klabu polepole, msimu hadi msimu, wanalalamika kwamba wao ndio wanaopewa mabaki. Kwenye vibanda vya PS4 vya Arusha utausikia kila siku. Siingii huko.)

Sasa turudi kwenye neno la anko: duka. Hapa sina budi kuketi, maana ndipo ambapo wote wawili wana haki na wote wawili wanajidanganya.

Kuna boksi za wachezaji kwenye eFootball, na za aina iliyozoeleka huwa na wachezaji 150 ambao watatu tu ni Epic, magwiji wa zamani waliopandishwa uwezo. Kuvuta mara moja ni koini 100, mara kumi ni 900. Anayevutwa harudi ndani. Nilichukua kalamu. Ukivuta mara kumi, uwezekano wa kutoka bila hata mmoja wa wale watatu ni karibu asilimia 81. Kama unamtaka mmoja maalumu, ukivuta kumi una asilimia kama 7 tu ya kumpata. Ili uwe na uhakika kabisa wa wote watatu, lazima uwe tayari kumaliza boksi zima. Dogo alipoona hesabu aliniambia anazijua, na kwamba hajawahi kununua hata koini moja. Anazokota za bure, za kuingia kila siku na za mashindano madogo, anazitunza kama mbegu, anavuta mara chache kwa mwaka. Namwamini. Vijana wengi ninaowafahamu Arusha wanacheza hivyo, na hapo anko anakosea anapowaita wanunuzi wa ushindi. Wengi wao ni mafundi wa kubana matumizi.

Lakini niliuona uso wake siku hiyohiyo jioni alipovuta mara moja, mpira wa dhahabu ukazunguka, taa zikawaka, kisha akatoka beki wa kawaida. Uso ule naufahamu. Ni wa mtu ambaye mkeka wake umechanwa na mechi ya mwisho. Sheria yetu hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kubeti, na duka la kubeti lina mlinzi au walau bango. Boksi halina mlinzi. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba maboksi ya namna hii, yakiwemo ya FIFA 18, ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za kufungulia maboksi hayo nchini humo. Uholanzi ilijaribu njia hiyo, ikaitoza EA faini ya hadi euro milioni 10, mahakama ikaiunga mkono mwaka 2020, lakini mahakama ya juu ikaitengua Machi 2022. Kwa hiyo hata wanasheria wamegawanyika. Mimi niko na Wabelgiji. Kitu kinachouzwa kwa mtoto huku bei halisi imefichwa ndani ya asilimia sioni kwa nini kiitwe mchezo, hata kama mtoto aliye mbele yangu ana nidhamu ya kutosha asikinunue. Wapo wasio nayo, na gemu linaendeshwa kwa pesa zao. Bure ya dogo inalipwa na mtu fulani aliyeshindwa kujizuia.

Ila anko asishangilie. Kibandani "aliyefungwa analipa" ilikuwa nini? Na zile mechi za Jumamosi za kuwekeana jero, anayeshinda anachukua zote, watoto wa darasa la sita wakitoa hela ya daftari? Niliwahi kurudi nyumbani na viatu vya mtu. Viatu! Mama akanirudisha navyo usiku. Tofauti ni kwamba kamari yetu ilikuwa na uso, na aliyekula pesa yako ulimjua na pengine kesho aligawana nawe maandazi. Tofauti hiyo ni ya kweli na naithamini, lakini haitoshi kumpandisha mtu mimbarini. Halafu wakati anko anahubiri, mkeka wake wa wikendi ulikuwa umechungulia kwenye mfuko wa shati.

Nikiyaweka pamoja, naona wahenga wana madai mawili ya haki kabisa: walinyang'anywa Master League, na gemu lisilo na mwenyewe ila kampuni ni gemu linaloweza kutoweka. Madai yote mawili ni ya kupeleka kwa Konami. Wanayapeleka kwa watoto wa miaka 16, ambao hawakuamua lolote, kwa sababu mtoto wa miaka 16 yuko sebuleni na Konami iko Tokyo. Watoto nao wanajibu kwa kejeli, kwa hiyo hawasikii kwamba ndani ya kelele za anko kuna onyo linalowahusu wao. Nilimuuliza dogo: siku wakizima seva, timu yako ya miaka mitatu inakwenda wapi? Akainua mabega. "Nitacheza kingine, kaka." Lile jibu nililiwaza usiku kucha. Sikuona ujinga ndani yake. Mtu aliyezaliwa akikuta kila kitu ni cha kupanga hawezi kulilia nyumba, atauliza tu ya jirani inapangishwa shilingi ngapi. Lakini pia sidhani amewahi kuonja kingine cha kumfanya alinganishe.

Kesho yake, mvua ikiwa inanyesha na bando likiwa limekata, alionja. Alimwomba anko, kwa heshima zote, amwashie hiyo Master League. Tatizo likawa memori kadi. Ya PS2 ina megabaiti 8, na ya anko ilikuwa imejaa. Ili dogo apate nafasi ya kusevu, faili moja lazima lifutwe.

"Futa hii ya 2009," dogo akasema.

"Hiyo haifutwi."

"Hii nyingine?"

"Na hiyo pia."

Ikabidi aanze bila kusevu, kama tulivyofanya sisi kabla hatujapata hela ya memori kadi: mashine haizimwi, usiku inafunikwa kwa kitambaa, na kila anayepita anaonywa asiguse waya. Bibi alilalamikia umeme, akapuuzwa. Dada yake akawa msaidizi wa kocha. Kufikia siku ya tatu Castolo alikuwa na mabao kumi na moja, timu iko nafasi ya pili, zimebaki mechi mbili kupanda daraja, na hata wazee walikuwa wanaingia na vikombe vyao kuuliza matokeo.

Saa mbili usiku umeme ukakatika.

Kulikuwa kimya kwa muda. Kisha sauti ya dogo ikatoka gizani: "Anko, hivi hiki ndicho mnachokililia?"

Anko hakujibu. Alikuwa anapapasa mezani akitafuta tochi.